Mwite fundi sauti kabla zege halijamwagwa

Wiki iliyopita nimepigiwa simu na mzee mmoja wa kamati ya ujenzi ya kanisa, liko nje kidogo ya mji wa Morogoro. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia fundi, Mungu ni mwema, jengo limeisha, limebaki suala la vyombo tu, tunaomba uje utufungie kabla askofu hajaja kuliweka wakfu. Nikamuuliza, mzee wangu, jipsamu mmeshapiga? Tumeshapiga. Na tailizi? Zimeisha juzi, zinang'aa mpaka unajiona. Kuna bomba lolote limepita chini ya sakafu kutoka madhabahuni kuja huku nyuma? Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, bomba la nini mwanangu, la maji?

Baada ya kukata simu nilikaa kimya nikaumia kweli. Hawa watu wamejenga miaka mingi kwa sadaka na harambee, wengine wameleta mifuko miwili miwili ya saruji, kina mama wamepika mihogo na maandazi wakauza ili wapate nondo, na sasa jengo limesimama zuri kabisa ila lile jambo moja ambalo watu wataliendea pale kila Jumapili, yani kusikia neno, hakuna aliyelichorea hata mstari mmoja kwenye ramani. Choo kimechorwa, maegesho ya magari yamechorwa, hata mti wa kivuli nje umechorwa.

Nafanya hii kazi ya sauti na picha mwaka wa 14 sasa, makanisa, misikiti, kumbi za harusi, shule, vyumba vya mikutano vya maofisi, na kumbi nyingi ninazoitwa kurekebisha zilishaharibika siku msingi unachimbwa. Mimi nafika mwishoni na spika za bei kubwa, watu wanadhani spika ndio dawa.

Nianze na kitu ambacho watu wengi hawakitofautishi. Kusikia sauti ni jambo moja na kusikia maneno ni jambo jingine. Kuna ukumbi niliwahi kufunga vyombo, spika kubwa, ampu ina nguvu ya kutosha, kila kitu kipya, siku ya kwanza nikaenda kukaa benchi la mwisho kabisa pembeni ya mama mmoja mtu mzima, nikamuuliza mama unasikia vizuri? Akaniambia sauti naisikia baba, ila maneno siyaelewi. Basi lile jibu sijalisahau mpaka leo, manake yule mama alinieleza kwa sentensi moja kitu ambacho kwenye vitabu wamekiandikia kurasa na kurasa. Kuna jamaa wa Uholanzi anaitwa Peutz, mwaka 1971 alitoa njia ya kupima ukumbi kwa kuangalia ni konsonanti asilimia ngapi zinapotea njiani kabla hazijamfikia msikilizaji. Konsonanti, sio sauti nzima. Zikipotea zaidi ya asilimia 15 hivi msikilizaji anaanza kupata taabu.

Sasa hebu fikiria Kiswahili chetu, karibu kila silabi inaishia na irabu, na irabu ndio zenye nguvu, ndio zinazobaki zinazunguka kwenye kuta wakati konsonanti inayofuata inajaribu kupita. Mtu akisema "ametoa", "ametoka", "ameoa", ukumbi wenye mwangwi unakuletea a-e-o-a, kilichobaki unajaza mwenyewe. Baba, dada, kaka, tofauti ni konsonanti tu. Mhubiri akiongea haraka ndio kabisa, neno la kwanza halijafa ukutani na la tatu limeshafika. Ukiongeza sauti ya mikisa, ile mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti, unaongeza na mwangwi wake kwa kiasi kilekile, kwahiyo hujasaidia kitu, umepiga kelele tu.

Mwangwi unatokana na jengo, na unapigwa hesabu kwenye karatasi kabla tofali la kwanza halijawekwa, hiyo ndio sehemu inayoniuma zaidi. Hesabu yenyewe ina zaidi ya miaka 120. Mwaka 1895 chuo cha Harvard kule Marekani kilifungua jengo la makumbusho la Fogg, ndani kukawa na ukumbi wa mihadhara ambao mwalimu akiongea hakuna anayeelewa, sauti ilikuwa inabaki hewani kama sekunde 5 na nusu. Wakampa kazi mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Huyu bwana alikuwa anafanya kazi usiku watu wakishalala, ana filimbi ya kinanda na saa ya kupimia, na anaazima mito ya viti vya ukumbi mwingine wa jirani, anaipanga, anapima, anaongeza mito, anapima tena, asubuhi mito inarudishwa. Miaka mitatu hivi. Mwisho akapata kanuni ambayo mpaka leo natembea nayo: chukua ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa uwezo wa ukumbi kumeza sauti, unapata sekunde za mwangwi. Kwa hesabu hiyohiyo akashauri ukumbi wa Boston Symphony Hall uliofunguliwa mwaka 1900, na mpaka leo unahesabiwa kati ya kumbi bora duniani. Alishauri kabla haujajengwa, hapo ndio pa kuangalia.

Tupige hesabu ya ukumbi wa kawaida wa kwetu. Urefu mita 30, upana mita 18, kimo mita 7. Ujazo ni mita 3,780 za ujazo. Ukijumlisha sakafu, dari na kuta zote unapata kama mita za mraba 1,750. Sakafu tailizi, kuta plasta na rangi ya mafuta, dari jipsamu, vitu vigumu vinavyong'aa vyote hivyo vinairudisha sauti, tuseme kwa wastani vinameza asilimia 5 tu, yani kama mita za mraba 88 za kumeza sauti. Ukumbi ukiwa mtupu unapata karibu sekunde 7 za mwangwi. Saba! Jumapili wakija watu 500 hali inakuwa tofauti kabisa, manake mtu mmoja na nguo zake anameza kama nusu mita ya mraba hivi, mwangwi unashuka mpaka karibu sekunde 2, unavumilika. Ila Jumatano kwenye maombi wakija watu 40, unarudi karibu sekunde 6. Ndio maana kamati inaniambia fundi, vyombo Jumapili vinafanya kazi vizuri, Jumatano vinaharibika. Vyombo ni vilevile.

Na hapa kuna kitu nakipenda sana kwenye kazi ya Sabine. Kipimo chake cha mwanzo cha kumeza sauti kilikuwa dirisha lililo wazi. Sauti ikitoka dirishani hairudi, kwahiyo mita moja ya mraba ya dirisha wazi inameza asilimia 100. Sasa angalia majengo yetu ya zamani ya huku pwani na hata bara, makanisa ya misheni, shule, kumbi za vijiji, yamejaa madirisha makubwa na matofali ya matundu upande huu na ule. Waliweka kwa ajili ya hewa, ila bila kujua au kwa kujua walikuwa wanatibu mwangwi. Madirisha 12 ya mita moja na nusu kwa mita moja na nusu yakiwa wazi ni kama umeongeza watu 54 ukumbini. Halafu sisi tunakuja kisasa, tunaziba matundu, tunaweka vioo vya alumini, tunafunga eisii, tunafunga madirisha, na tunashangaa kwanini kanisa la zamani lilisikika vizuri bila hata maiki na hili jipya la mamilioni halisikiki. Sisemi msiweke eisii, Dar mwezi wa pili joto lake tunalijua wote. Nasema ukiziba dirisha umeondoa kitu kilichokuwa kinafanya kazi, lazima uweke kingine badala yake, na hicho kingine kinahitaji nafasi ukutani na pesa kwenye BOQ, ile orodha ya vifaa na gharama za ujenzi.

Nikiwa Unguja nilienda msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ule wenye maandishi ya kufi, mwandiko wa zamani wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yani 1107. Nilisimama mbele ya mihrabu muda mrefu. Kazi ya kwanza ya mihrabu ni kuonyesha kibla, hilo linajulikana, lakini ukiifikiria kwa akili ya fundi sauti, imamu anasali ameelekea ukutani na amewapa watu mgongo, na pale mbele ya mdomo wake pana shimo lililojipinda la jiwe ambalo linaichukua sauti yake na kuirudisha nyuma kwa safu. Hakuna aliyekuja kuichonga baada ya msikiti kuisha. Imejengwa na ukuta.

Turudi kwenye bomba, manake yule mzee aliuliza bomba la nini na swali lake ni la haki.

Kwenye ukumbi wowote kuna sehemu mbili ambazo lazima ziongee. Jukwaani au madhabahuni ambako kuna maiki, kinanda, magitaa, kwaya, na mahali anapokaa fundi na mikisa yake. Na fundi anatakiwa akae ndani ya ukumbi, kati ya watu, ukipiga hatua kutoka mbele kama theluthi mbili za urefu hivi, asikie wanachosikia wao. Kamati nyingi zinamtengea kachumba juu ghorofani chenye kioo, au zinamficha kwenye kona nyuma ya nguzo kwasababu meza ya mikisa inaharibu muonekano. Mtu aliyefungiwa nyuma ya kioo anarekebisha sauti ya kachumba chake, huku chini watu wanaumia masikio na yeye hana habari.

Sasa kati ya sehemu hizo mbili kuna mita 20, 25. Nyaya zitapita wapi? Kama hakuna njia chini ya sakafu, zitapita juu ya tailizi zimebandikwa gundi ya plasta nyeusi, na hiyo nimeifanya mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Harusi moja mama wa kwaya alijikwaa kwenye zile nyaya akiwa anapanda jukwaani, akaangukia mkono, ukavunjika. Mimi ndiye niliyezibandika. Niliwaambia wenye ukumbi pale kati pasipitwe, lakini ukumbi una watu mia sita, nani atamzuia nani. Tangu siku hiyo nikiona nyaya zimelala kwenye njia ya watu roho inaniuma.

Dawa yake ni mabomba mawili ya plastiki ya milimita 50, yanalazwa kabla jamvi, yani zege la sakafu, halijamwagwa. Mawili. Moja la maiki na data, jingine la akiba, na ya umeme inapita kwingine kabisa. Gharama ya mabomba hayo na kona zake haifiki hata bei ya spika moja ya maana. Ila kuyaweka nako kuna namna. Usitumie elbo kali ya digrii 90 kama ya maji, kebo haipiti, tumia kona ndefu iliyopinda taratibu. Ndani acha kamba ya manila imelala tangu mwanzo, mwisho hadi mwisho, imefungwa fundo pande zote. Usijaze bomba, nyaya zichukue kama asilimia 40 tu ya nafasi, baki ni ya kupumulia na ya kesho. Na midomo ya bomba izibwe, izibwe, izibwe.

Nasisitiza hiyo ya mwisho kwasababu ya saiti moja Kibaha. Mabomba tuliyalaza vizuri siku ya Ijumaa, tukafunga midomo kwa mifuko ya rambo na mpira wa tyubu, Jumamosi wakamwaga zege. Kumbe kijana mmoja wa kibarua aliukanyaga mdomo mmoja na toroli, mfuko ukachanika, akaurudishia juujuu hivihivi. Miezi saba baadaye nakuja kuvuta kebo, navuta manila, haisogei. Tukaleta kompresa ya kujazia matairi, tukapuliza upande wa jukwaani, upepo ukaturudia usoni na vumbi la saruji. Uji wa zege uliingia kama mita mbili ndani na ukagandana na kamba. Nilichukua ile ncha ya manila nikaikata, ilikuwa ngumu kama kijiti. Tulinusurika kwasababu kulikuwa na bomba la pili. Tangu hapo siku ya zege nakuwepo mwenyewe, nalipwa nisilipwe.

Watu wananiambia fundi siku hizi mambo ni wayalesi, mabomba ya nini. Nawajibu hivi. Maiki ya wayalesi ndio haina waya mkononi mwa mchungaji, lakini risiva yake ina waya, spika ina waya, projekta ina waya, kamera ya kurusha ibada mtandaoni ina waya. Na teknolojia inabadilika kila baada ya miaka michache. Nimeshafumua ukuta ndani nikakuta kebo ya VGA, waya wa picha wa zamani, imezikwa kwenye plasta bila bomba, ya enzi zile projekta zinaanza kuingia, leo haina kazi na haitoki. Ikaja HDMI, nayo ya shaba ya kawaida ikizidi mita 10, 15 hivi picha inaanza kukatika, kwahiyo ukumbi mkubwa unabadilisha inapita kwenye Cat6, waya wa mtandao, ambayo inaenda mpaka mita 100, na mikisa za kidijitali nazo zinatumia Cat6 moja kubeba chaneli zote ambazo zamani zilihitaji mkia wa nyaya mnene kama mkono. Kesho itakuwa faiba kila mahali. Bomba tupu lenye kamba linayapokea yote hayo, kebo iliyozikwa kwenye plasta haipokei kitu.

Umeme. Hapa naomba msomaji ambaye ni fundi umeme anivumilie. Vyombo vya sauti vinatakiwa viwe na laini yake kutoka kwenye DB, yani boksi la kugawia umeme, isishirikiane na eisii, wala friji, wala pampu ya maji, na soketi zote za vyombo, za jukwaani na za meza ya mikisa, zitoke fezi moja na ethi moja, yani waya mmoja wa kwenda ardhini. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukisikia spika inavuma mmm ya chini hata maiki zikiwa zimefungwa, mara nyingi ni ethi zinagombana au waya wa maiki umelazwa sambamba na waya wa umeme mita nyingi ndani ya ukuta. Acha nafasi kama sentimita 30 kati yake, na zikilazimika kukutana zikatane msalaba. Hili halirekebishiki kwa kununua mikisa ya gharama, ni la siku ya kuchimba ukuta. Nimewahi kukaa siku tatu natafuta mvumo kwenye jengo jipya kabisa, siku ya tatu nikagundua nguzo ya ethi haikuchimbiwa kabisa, waya wa ethi umekatwa umefichwa nyuma ya boksi. Hiyo sio sauti tu, hiyo ni roho za watu, maana mwimbaji ameshika maiki ya chuma na miguu iko peku.

Kwenye picha sisemi mengi ila feni nitaisema. Mara ngapi nimekuta projekta imefungwa nyuma, skrini mbele, na katikati ya mwanga feni ya dari inazunguka, picha inapepesa mpaka macho yanauma. Na feni zimeshafungwa, nyaya ziko ndani ya jipsamu, hakuna anayetaka kuzigusa. Hesabu ya projekta nayo ni ya kabla. Projekta ya kawaida ikitaka mita moja na nusu ya umbali kwa kila mita moja ya upana wa picha, basi skrini ya mita 4 inataka projekta ikae mita 6 mbele yake, na hapo mita 6 ndipo panapotakiwa soketi, bomba na mbao ya kushikilia juu ya jipsamu. Na angalia jua la saa kumi linaingilia dirisha gani. Dirisha la magharibi likipiga moja kwa moja kwenye skrini, hakuna projekta ya bei yetu itakayolishinda.

Na mvua. Huku kwetu bati ndio paa, na mvua ya masika ikishuka juu ya bati tupu hakuna vyombo vitakavyoshindana nayo, mchungaji atanyamaza tu mpaka ipite. Ukiweka tabaka la pamba ya kuzuia joto na sauti chini ya bati wakati wa kuezeka, mvua inakuwa ngurumo ya mbali na joto la mchana nalo linapungua. Ukisubiri mpaka dari limefungwa, ni kufumua.

Spika za kuning'inia pia zinatakiwa zijulikane mapema, kwasababu kenchi za mbao zilizopigiwa hesabu ya kubeba bati hazikupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 juu ya vichwa vya watoto wa Sunday school. Mhandisi aambiwe uzito, aweke chuma kwenye boriti, na vifungio viwe na uwezo wa kubeba mara 5 ya uzito au zaidi. Nimeshakataa kazi mbili kwa sababu hii na wakampa mtu mwingine akafunga. Sina furaha nikikumbuka.

Msidhani haya ni ya kwetu tu kwasababu ya umaskini. New York walifungua ukumbi wa orkestra pale Lincoln Center mwaka 1962, mtaalamu wa sauti alipanga idadi fulani ya viti, katikati ya safari wakubwa wakataka viti viongezwe, umbo la ukumbi likabadilishwa, na ulipofunguliwa wanamuziki walikuwa hawasikiani. Mwaka 1976 wakaufumua ndani wote wakaujenga upya, bado haukuridhisha, wakaufumua tena na ukafunguliwa mwaka 2022 kwa dola milioni 550. Miaka 60 ya kusahihisha uamuzi uliofanywa kwenye karatasi.

Kuna jingine dogo la kwetu linalonigusa. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya kazi, kwahiyo mikutano yenye ukalimani wa Kiswahili itaongezeka, sio Addis tu, hata Dodoma, Arusha na mikoani. Lakini kumbi mpya ninazoziona zikijengwa hazina chumba cha wakalimani. Mkalimani anahitaji kuona uso wa msemaji na skrini, anahitaji kioo, ukimya, hewa, na njia ya nyaya mpaka kwenye meza kuu. Chumba hicho huwezi kukichomeka baadaye, utakuta wamewawekea wakalimani kibanda cha mbao nyuma ya nguzo na wanatafsiri mtu wasiyemuona.

Sasa mtu ataniuliza, wewe fundi uje lini? Jibu langu ni siku msanifu anachora. Saa mbili za kukaa meza moja, mimi na msanifu na mhandisi na fundi umeme na mzee wa kamati, tunaulizana watu wangapi, kwaya ipo au hapana, mtarusha mtandaoni, mtaongeza ghorofa ya juu baadaye, Jumatano mnakuja wangapi. Nikiwa hapo nitasema ukuta wa nyuma usiwe bapa mgumu, maana sauti inaupiga inarudi jukwaani imechelewa, tuweke mbao za mistari na pamba nyuma yake, au pazia zito, au matofali ya matundu. Nitasema ukumbi wa mita 30 unataka spika za pili katikati kwenye nguzo, ambazo tunazichelewesha kidogo kusubiri sauti ya mbele iwafikie, mita 20 ni kama milisekunde 58 kwa joto letu, na kwahiyo kila nguzo ya katikati ipandishiwe bomba la milimita 25. Vitu vidogo vidogo hivi. Kwenye BOQ vinakuwa mistari sita saba na wala havimshtui mtu.

Yule mzee wa Morogoro nilimpigia tena jioni ile. Nikamwambia ukweli mzee, sitaki kukuuzia spika kwanza. Tupite juu ya dari kwa zile nafasi za taa, tutashuka kwenye kona kwa trankingi nyeupe, yale maboksi membamba ya plastiki ya kufichia nyaya, tutafungua matofali ya matundu mliyoyaziba upande wa kaskazini, ukuta wa nyuma kina mama washone mapazia mazito, nitawapa vipimo, na meza ya mikisa itoke kwenye kile chumba mlichoitengea. Pesa ya spika mbili kubwa tuitumie huko, tununue ndogo zilizo karibu na watu. Akaniuliza, fundi, na yule mama yangu anakaa nyuma kabisa kwasababu ya kiti chake cha magurudumu, atasikia? Nikamwambia tutaanza kupima pale anapokaa yeye.

Jumamosi hii sitakuwepo Morogoro lakini, kuna jamvi linamwagwa Chalinze saa kumi na mbili asubuhi, ukumbi wa shule, walinipigia tangu wanachimba msingi. Manila nimeshanunua roli nzima, mifuko ya rambo, tyubu za kufungia, na nimemuomba fundi mkuu aweke mbao juu ya midomo ya bomba ili toroli zipite pembeni.